Kibuyu Nilichokiacha Nje ya Orodha

Karatasi za kituo zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya vitu vya kubeba, na hiyo haikunisumbua: shuka mbili, blanketi, kandambili, sabuni ya mche, dawa ya meno, Biblia au Kurani ukitaka. Halafu vya kuacha nyumbani: simu, wembe, manukato yenye spiriti, dawa ya kusukutua mdomo. Hiyo ya dawa ya kusukutua mdomo nilipoisoma nilicheka peke yangu. Kisha nikakumbuka kwamba nimewahi kuinywa, katika bafu la mtu niliyekuwa namjengea tangi, na kicheko kikaisha.

Karatasi ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Ilisema hivi: andika kila mahali unapoficha pombe nyumbani kwenu. Zunguka na mtu mmoja wa familia, mtoe kila kitu, mmwage. Kisha yeye aweke sahihi kwamba ameona. Chini yake kulikuwa na mistari kumi na miwili, imepigwa kwa rula.

Nilimpigia dadangu simu nikiwa nimekasirika. Yeye ndiye aliyenitafutia kile kituo cha kuachishia watu pombe, huko upande wa Makueni, mbali makusudi ili nisikutane na mtu wa kwetu.

"Nani aliwaambia ni kumi na mbili?" nilimuuliza. "Wanadhani mimi nina duka la jumla?"

"Zikizidi, geuza karatasi uandike nyuma," akasema, akakata simu. Dadangu anauza matunda Kambu, kando ya barabara kuu, na amezoea kuongea na madereva wa malori. Hana maneno ya kubembeleza.

Mimi ni fundi wa mawe. Matangi mengi ya maji upande wetu wa Mwingi, yale ya duara ya kukinga maji ya paa, yamepita mikononi mwangu, na kwa miaka mingi hakuna lililovuja. La kwanza kabisa nilimjengea mama. Tangu siku lilipojaa aliacha kuniita jina langu, akawa ananiita fundi. Hata siku nilizoletwa nyumbani nimeshikiliwa na watu wawili, mmoja kila upande, miguu ikiburuta, alikuwa anasema, "Mlazeni fundi hapo." Hilo jina liliniuma kuliko matusi. Afadhali angenitukana.

Kabla ya hizo karatasi nilikuwa nimelazwa hospitali siku saba. Daktari alinionya nisijaribu kuacha ghafla nikiwa peke yangu, kwamba mwili uliozoea pombe ukinyimwa unaweza kuanguka kifafa. Basi nikalazwa, nikatetemeka, nikatapika, nikaona siafu wakipanda ukutani na hakuna siafu. Nilitoka Ijumaa nikiwa na dawa kwenye bahasha na mikono iliyotulia kidogo. Nafasi yangu kituoni ilikuwa Jumatatu, kwa miezi mitatu. Mke wangu alikuwa amerudi kwao na watoto mwaka uliotangulia, na sikuona kosa lake. Kwa hivyo mtu wa familia wa kuzunguka naye alikuwa yule yule aliyenizaa.

Jumamosi asubuhi mama alijifunga leso kiunoni kama mtu anayekwenda kuvuna, akachukua beseni la plastiki.

"Haya, fundi. Tunaanzia wapi?"

Tulianzia kwenye vitu vyangu vya kazi, maana huko haikuwa siri kubwa. Chupa moja ilikuwa imefungwa kwa kitambaa pamoja na timazi. Nyingine ilikuwa ndani ya mfuko wa saruji iliyoganda, nilikuwa nimeuchimba shimo kwa patasi na kulifunika kwa karatasi. Mama aliugusa ule mfuko, akaniangalia. "Kumbe ndiyo sababu ulinikataza kuutupa," akasema. Nikasema ndiyo. Akaitia chupa ndani ya beseni, tukaendelea.

Kwenye banda la kuku palikuwa na tetea amelalia. Nikaingiza mkono chini yake, akanidonoa, nikatoa chupa bapa yenye joto kama yai. Mama akamtuliza yule kuku kwa maneno ya pole. Mimi hakuniambia pole.

Mahali pa sita palikuwa ndani ya redio ya marehemu baba. Ni redio kubwa ya zamani, ya mbao, imekaa juu ya kabati tangu azikwe. Nilifungua mgongo wake kwa bisibisi, na pale ambapo spika ilipaswa kuwa palikuwa na chupa mbili zimesimama wima. Spika yenyewe nilikuwa nimeshaitoa zamani, nikaiuza.

Mama alikaa kwenye kiti.

"Hii redio niliipeleka Mwingi itengenezwe," akasema. "Yule fundi wa redio akaniambia, mama, humu hamna spika. Nikamwita mwizi. Mbele ya wateja wake."

Nilizikamata zile chupa kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Itabidi nimtafute," akasema. "Nikienda soko nitapita kwake nimwambie." Na hakuwa akiniambia mimi, alikuwa akijiambia mwenyewe, kama mtu anayejikumbusha asisahau kununua chumvi.

Beseni lilipojaa nililibeba nje, nikawa naelekea nyuma ya jikoni nimwage pale pale. Mama akanizuia.

"Usimwage hapo. Kuna miche ya papai. Itakufa."

Alilisema bila kufikiria, kama ambavyo angesema juu ya maji ya sabuni au chumvi. Lakini mimi nilisimama na lile beseni mikononi, harufu ikinipanda puani, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke hospitali sikuitamani. Niliogopa tu. Tukaenda kumwaga kwenye changarawe ya barabara, mbali na kila kitu kilicho hai.

Tulimalizia stoo. Ni kijumba kidogo cha matofali, mlango wake mfupi, ndani kuna majembe, magunia na vyungu.

"Na humu?" mama akauliza.

"Humu ni nyuma ya majembe tu," nikasema. Nikainama, nikatoa ya mwisho. Hapo pakawa pahali pa kumi na moja.

Sikuangalia juu. Nilijitia kuhangaika na jembe lililoanguka. Juu, kwenye boriti, kilining'inia kibuyu kikubwa kwa kamba ya mkonge, kitupu, na mimi nilijua kipo hapo bila kukiangalia. Hicho ndicho kilikuwa mahali pa kumi na mbili. Kwenye karatasi mstari wa kumi na mbili niliuacha wazi.

Ngoja nieleze habari ya hicho kibuyu, na nitaieleza yote, maana nimeishi nayo vya kutosha.

Mama alikuwa mtunza mbegu. Si kazi ya mshahara wala hakuna aliyemchagua. Ni kwamba alikuwa na kunde za mama yake, ndogo, nyekundu, zenye jicho jeupe, zinazokomaa upesi kabla mvua zetu za kubahatisha hazijakatika, na watu walijua ziko kwake. Kila baada ya mavuno alikuwa anachagua zile nzuri moja moja kwenye ungo, anazichanganya na majivu, anazijaza kwenye kibuyu, kisha anaziba mdomo kwa gunzi na nta ya nyuki. Tangu hapo hakuna mkono unaoingia. Hata njaa ikiingia, mbegu haiguswi mpaka mawingu ya Oktoba yaonekane. Akina mama wa mwethya, kile kikundi chao cha kulimiana mashamba na kuchimbiana mitaro, wanakuja kila mmoja na kikombe chake, na yeye anavunja ile nta mbele yao na kuwapimia. Mimi nimekua nikiiona siku hiyo. Wanacheka sana siku hiyo.

Mlevi anapenda mahali ambapo watu wameapa kutogusa. Mwaka juzi, Septemba, mama akiwa kanisani, nilikishusha kile kibuyu, nikaichomoa nta taratibu kwa kisu, nikazika chupa ya plastiki ya pombe ndani ya zile kunde. Nikakiziba tena. Mimi ni fundi, kuziba ni kazi yangu. Ungekiangalia usingejua. Kwa wiki mbili nilikuwa nakishusha na kukirudisha, na kila mara niliona nimekuwa mjanja. Ati mjanja.

Siku moja niliirudisha chupa bila kuikaza kifuniko. Sikumbuki siku yenyewe. Ninachokumbuka ni siku niliyokifungua nikakuta harufu, majivu yamekuwa uji, na kunde zimevimba. Chupa ilikuwa tupu. Na nitasema ukweli hapa, kwa kuwa sijausema mahali pengine: kitu cha kwanza kilichoniuma ni ile pombe.

Mama alikuwa amekwenda mkutano wa akina mama wa kanisa, siku tatu. Nilizimwaga zile kunde juu ya bati, nikazianika juani. Zilikauka. Nyingine zilijikunja ngozi, hizo nikazichambua nikawatupia kuku, lakini nyingi zilionekana vizuri tu. Nikaleta majivu mapya kutoka jikoni. Nikajaza, nikaziba kwa gunzi lile lile na nta ile ile niliyoiyeyusha kwenye kopo. Nikajiambia, mbegu ni mbegu, zitaota. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani?

Mawingu yalikuja, akina mama wakaja na vikombe vyao. Nilikuwa nimekaa pale kwenye jiwe la kunolea, nikimwona mama akivunja nta. Alinusa mdomo wa kibuyu. Akanusa tena. Kisha akasema, "Majivu ya mwaka huu yana harufu kali," akaanza kupima. Nilikuwa na nafasi ya kusimama hapo na kusema. Kwa kweli nilikuwa na mchana mzima.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa nzuri, na hiyo ndiyo iliyofanya mambo kuwa mabaya zaidi. Mahindi yaliota, mbaazi zikaota, ndengu zikaota kila mahali. Kunde hakuna. Si kwetu, si kwa yeyote aliyepimiwa kikombe na mama. Nilimkuta amepiga magoti shambani, anafukua mstari kwa kidole, anatoa mbegu moja moja. Zilikuwa zimeoza, laini kama matope. Aliziweka kiganjani akaziangalia muda mrefu.

"Ni mkono wangu," akasema.

"Mwaitu, labda ni mchwa," nikamwambia. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwa Kikamba. "Au mvua ilizidi."

"Mchwa watakula mashamba ya watu wote siku moja?" Akatikisa kichwa. "Nimezeeka. Mkono umekufa."

Kwetu wapo watu wanaosemwa kuwa na mkono wa kupanda, na mama alikuwa mmoja wao. Si uchawi, yeye ni mtu wa kanisa na hangevumilia uchawi kutajwa. Ni kitu ambacho watu wanakijua tu, kama wanavyojua nani anapika muthokoi ukaiva vizuri. Wiki hiyo alisimama mbele ya mwethya, akawaomba msamaha. Alisema alikosea mahali fulani na hajui ni wapi. Alisema atunze mtu mwingine, yeye asiaminiwe tena. Walimwambia hapana, wakambembeleza, lakini niliona wanavyoangaliana. Jirani yetu akapewa hiyo kazi. Na mimi nilikuwepo. Nilikuwa nimeegemea tangi nililolijenga mwenyewe, nimekunywa, na nilimhurumia mama yangu kabisa, machozi yakanitoka. Nililia badala ya kusema. Hadi leo sijui mtu anafanyaje kitu kama hicho, lakini nilikifanya.

Tangu msimu ule hakuweka tena mbegu ardhini kwa mkono wake. Kwetu mmoja anachimba vishimo, mmoja anaangusha mbegu, mmoja anafukia kwa mguu. Yeye miaka yote alikuwa wa kuangusha. Sasa akawa wa kuchimba, na umri wake si wa kushika jembe asubuhi hadi jioni. Akiambiwa apumzike aangushe mbegu, anasema hapana, hataki kuharibia watu.

Sasa unaelewa kwa nini ule mstari niliuacha wazi.

Dadangu alifika Jumapili baada ya ibada, na ile pikapu yake ya kubebea matunda. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umekonda hadi unapendeza," akasema. "Wakikuona kule watadhani wewe ndiye daktari."

"Na wewe umenenepa, watadhani ni wewe unapelekwa kwa mapochopocho."

Alinipiga begani, akacheka, na mara akageuka dirishani akijifuta macho kwa ukosi wa blauzi. Alikuwa ameninunulia shuka mpya, za maua, ati hapakuwa na nyingine. Tukapanga begi pamoja. Aliandika jina langu kwenye kila nguo kwa kalamu nzito, hata kwenye soksi, kama tulivyoandikiwa tukienda bweni. Nilimwachia, maana niliona anahitaji kufanya kitu.

Kisha ikawa zamu ya ile karatasi. Mama alitoa miwani yake kwenye kitambaa, akasoma mahali pote kumi na moja kwa sauti ya chini, akiweka kidole kwenye kila mstari. Alipofika ule mtupu, kidole kikasimama.

"Ni haya tu?"

"Ni haya tu, Mwaitu."

"Maana wameandika hapa kwamba mimi ni shahidi. Mimi sijawahi kuweka sahihi kwenye uongo."

"Ni haya tu."

Akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kama alivyojifunza kwenye darasa la watu wazima. Alipomaliza aliipuliza ile karatasi, ingawa ilikuwa kalamu ya kawaida na hakuna wino wa kukauka.

Hazikupita dakika kumi tukasikia hodi. Alikuwa yule jirani aliyeachiwa kazi ya mbegu. Alikuwa ametoka kanisani pia, bado amevaa kofia yake ya sufi, na mkononi alikuwa na pakiti ya mbegu za dukani, zile zilizopakwa dawa ya rangi ya waridi.

"Nimekuletea na wewe," akamwambia mama. "Mawingu yako karibu, usije ukahangaika."

Mama alizipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama mtu anavyopokea msaada. Huyo jirani ndiye aliyekuwa anakuja na kikombe, wa kwanza kila mwaka, na kikombe chake kilikuwa kikubwa kuliko vya wenzake hadi wanamtania.

"Utakuja unipandie?" mama akamuuliza. "Mimi nitachimba. Wewe uangushe."

"Nitakuja, mama. Usijali."

Nilitoka nje. Nilikwenda nikasimama nyuma ya stoo nikashika ukuta, na kiu ikanishika vibaya kuliko siku yoyote ya hospitali. Najua kila kona ya boma lile na nilijua hakuna kilichobaki, lakini mikono ilianza kutafuta yenyewe kwenye mianya ya matofali. Ndipo nikaelewa kwamba nikiingia kule na hiki kitu tumboni, nitatoka nacho. Watanifundisha kila walichonacho, na siku nitakayorudi nitamwona mama na jembe mkononi, nami nitarudia chupa jioni hiyo hiyo. Na miezi mitatu kwa mtu wa umri wake si mchezo. Ningeweza kurudi nikakuta hayupo, amekufa akiamini ni yeye aliyeua mbegu za mama yake.

Hata hivyo sikusema siku ile. Nilikula chakula chake, nikasema ni kitamu, nikaenda kulala.

Nilisema Jumatatu, begi likiwa tayari ndani ya pikapu na dadangu amewasha injini. Mama alikuja mlangoni kunipa mkono. Kiganja chake kilikuwa kigumu, kimeota sugu za mpini mahali ambapo zamani hapakuwa na sugu.

"Mwaitu, kuna mahali pa kumi na mbili."

Hakuuachia mkono wangu. "Wapi?"

"Kwenye kibuyu cha kunde."

Nilidhani ningeeleza vizuri. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno. Yakatoka hovyo hovyo, chupa, kifuniko, bati, majivu, nta, hata sijui kama yalifuatana. Dadangu alizima injini. Mama aliniacha nikamaliza, na uso wake haukubadilika hata kidogo, hadi nikafikiri hajanisikia.

"Zilikuwa nzima?" akauliza.

"Nini?"

"Mbegu zangu. Kabla hujaweka hicho kitu chako. Zilikuwa nzima?"

"Zilikuwa nzima, Mwaitu. Kavu kabisa. Hazikuwa na hata tundu moja la fukusi."

Akauachia mkono wangu. Akaitazama mikono yake yote miwili, akaigeuza, kama mtu anayeangalia kama ameiosha vizuri. Nilingoja anipige. Ningeshukuru angenipiga.

"Miaka miwili," akasema. "Miaka miwili, fundi, nimeogopa kugusa udongo. Namuuliza Mungu nimekosa nini. Na wewe unakula kwangu, unanisikia nikiomba."

"Nakusikia."

"Lete hiyo karatasi."

Niliiandika juu ya boneti ya pikapu, mstari wa kumi na mbili: ndani ya kibuyu cha mbegu za mama. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya. Akaitwaa kalamu, akaikata sahihi yake ya jana kwa mstari mmoja, akaandika jina lake upya kando yake, akikandamiza hadi karatasi ikatoboka kidogo. Kisha akaingia ndani ya nyumba, halafu stoo. Tulimsikia akiburuta kigoda. Alitoka na kile kibuyu, amekipangusa vumbi kwa leso, na alikuwa amevaa viatu vya kanisani.

"Nipishe," akamwambia dadangu. "Mimi nitakaa katikati. Mtaniacha Mukuyuni."

Mukuyuni yuko mdogo wake, mama mdogo wetu, aliyeolewa huko kabla mimi sijazaliwa. Siku aliyoolewa aliondoka na kopo la zile kunde za nyumbani. Kumbe mama alikuwa anajua muda wote kwamba zinaweza kuwa bado ziko kule, na kwa miaka miwili hakuthubutu kwenda kuziomba, kwa sababu angelazimika kumwambia mdogo wake kwamba mbegu ya mama yao imefia mikononi mwake. Hata kwenye simu alikuwa akiulizwa habari za shamba, anabadilisha mazungumzo. Hilo tuliambiwa humo njiani, na aliyeambiwa alikuwa dadangu. Mimi hakunisemesha. Kibuyu kilikuwa kwenye mapaja yake, na kila tukipita kwenye tuta alikikumbatia.

Upande ule mashamba yalikuwa yameshatayarishwa, mitaro imesafishwa, watu wanangoja tu. Mama alikuwa akiyaangalia moja moja. Tulipofika Mukuyuni ilikuwa siku ya soko, na dadangu alisimamisha pikapu kando ya wauza nyanya. Nilishuka ili mama apite. Nilijua kwamba mwezi wa kwanza kule hakuna simu, kwa hivyo sitajua kama zile kunde bado zipo au mama mdogo alishazila zikaisha, na mvua inaweza kunyesha wakati wowote.

"Mwaitu, nisamehe," nikasema.

Alikuwa ameshaanza kuondoka. Akasimama, akanitengeneza kola ya shati, kama alivyokuwa akifanya tukienda shule.

"Hilo tutaongea ukirudi," akasema. "Sasa hivi naenda kumwambia mdogo wangu kwamba si mimi."

Akavuka barabara, kibuyu kwapani, akitembea upesi kuliko nilivyomwona akitembea kwa miaka miwili.